Bukavu: La Botte isifungwe tena nyuma ya kuta

Mtu anayeshuka toka Kadutu, akapita Place de l'Indépendance na kushika avenue Patrice Lumumba, anaona mji unabadilika mbele yake. Makelele yanapungua, miti ya kivuli inaanza, na kati ya nyumba na nyumba maji ya ziwa Kivu yanaonekana. Mwisho wa njia ni La Botte, kile kipande cha commune ya Ibanda kinachoingia ziwani kwa umbo la kiatu cha buti. Jina lake lilitoka hapo.

Nyumba nyingi za upande huo zilijengwa kati ya miaka ya 1930 na 1950, zamani za Wabelgiji, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Costermansville. Wajuzi wa majengo wanaita namna hiyo Art déco: kona zilizoviringwa, mistari mirefu inayozunguka ukuta, dirisha la duara kama la meli, baraza inayotazama maji. Bila kusoma kazi ya ujenzi, mpita njia anaelewa kama waliozijenga walifikiri juu ya jua, mvua na kilima.

Ibanda ina alama zingine ambazo kila mkaaji wa Bukavu anazijua: kanisa kubwa la Notre-Dame de la Paix, shule ya Wajezuiti ya Alfajiri, na pale Nyawera, ambapo Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Kuta za mtaa huu zimepita katika mengi. Mwaka 1967, askari wa kukodishwa wa Jean Schramme walishika mji toka Agosti hadi Novemba. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la inchi lilipasua nyumba nyingi. Mwezi Februari 2025, waasi wa M23 waliingia. Nyumba zilizovumilia hayo yote sasa zinaangushwa moja moja na nyundo ya mwenye pesa, na nafasi yake inachukuliwa na etaje za vioo.

Halafu kuna meza. Jioni, kwenye hoteli na mikahawa ya kando ya maji, sambaza zinaletwa zikiwa moto, na pilipili na ndimu, ao bugali na sombe kwa mwenye njaa ya kweli. Sambaza haikuwa samaki wa Kivu: ilitolewa ziwa Tanganyika na kuletwa huku karibu na mwaka 1960. Giza likiingia, taa za wavuvi zinawaka mbali ziwani, na anayekula anaona kazi ya yule atakayemlisha kesho. Lakini sambaza hiyo hiyo akina mama wanaiuza kwa kipimo sokoni Kadutu, kwa bei ya chini sana. Kinacholipishwa La Botte si samaki peke yake. Mtu analipa pia kuona ziwa.

Hapo ndipo shida ilipo. Wakati wa ukoloni, Ibanda ilikuwa ya Wazungu. Kadutu na Bagira zilikuwa za watu weusi. Uhuru wa mwaka 1960 ulivunja mpaka huo. Leo mwingine unasimama polepole, na huu ni wa pesa: ukuta mrefu, mlango wa chuma, vipande vya chupa juu yake. Mtoto aliyezaliwa Kadutu anaweza kukua hadi utu uzima, akiishi karibu na ziwa, bila kukaa hata saa moja kando ya maji yake pasipo kununua kinywaji.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema wazi: ardhi ni mali ya Leta peke yake, haiuzwi. Mwenye karatasi amepewa haki ya kuitumia. Basi anayefunga njia ya kwenda ziwani anafunga kitu ambacho hakikuwa chake.

Wako watakaosema kama si wakati wa kuzungumza juu ya nyumba nzuri, watu wakiwa na njaa na vita. Wana haki ya kuuliza. Lakini kiwanja hakingoji amani. Ni wakati watu wote wanatazama pengine ndipo mti unakatwa, ukuta unasogezwa na nyumba ya miaka 80 inaangushwa usiku. Amani ikirudi, hakuna atakayeweza kuirudisha.

Yanayohitajika si makubwa. Nyumba za zamani zinazostahili kulindwa ziandikwe, na orodha ibandikwe mahali kila mtu anaweza kuisoma. Asibomoe mtu kabla wanaohusika na mipango ya mji hawajajibu kwa maandishi. Na kwenye La Botte, iachwe angalau njia moja ya miguu inayofika majini, yenye miti na mabenchi, bila mlango na bila mlinzi.

Wenye hoteli hawatapoteza kitu. Aliyekuja kutembea bure leo, siku akipata mshahara, atarudi kukaa mezani. Na mkaaji wa Kadutu akipata mahali pake kando ya ziwa, atakuwa wa kwanza kulitetea.