Mapenzi ya Nyaramba Pia ni Mapenzi

Wasee, wacha leo niseme hii kitu nimalizane nayo. Kila nikimwambia mtu naandika riwaya za mapenzi, swali linalofuata ni moja: "Ukiwa wapi?" Nikisema niko nyumbani, Nyaramba, kaunti ya Nyamira, anacheka. Ati huko utaandika mapenzi gani, ya ng'ombe?

Niko na miaka 22. Chuo niliacha mwaka wa pili, na sitawadanganya ati nilikuwa nafuata ndoto. Karo ilikwama, nikarudi. Asubuhi nachuma majani chai na mama, mchana nakata nepia, jioni narekodi vidio zangu, usiku naandika riwaya kwa simu mpaka betri ikatae. Sura moja nauza shilingi 20, inalipwa kwa M-Pesa. Wanaonunua ni nyinyi, watoto wa mjini. Yaani mnalipa kusoma mapenzi ya kijijini, halafu mnanicheka nikisema naishi kijijini. Sijui hiyo hesabu mnaifanyaje.

Na si ati mimi ndiye wa kwanza. Nora Roberts, huyo mama wa Marekani ambaye vitabu vyake viko hadi kwa wauza mitumba wa vitabu, alianza Februari 1979 huko mashambani Maryland. Theluji ilikuwa imewafungia nyumbani, yeye na watoto wawili wadogo, akachukua daftari na penseli. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1981. Hapa karibu kuna Eric Shigongo wa Tanzania, mtoto wa Sengerema. Alianza na elimu ya darasa la saba, na hadithi zake za mapenzi zikawafanya watu wangojee gazeti kama mshahara. Mwaka wa 2020 akawa mbunge wa Buchosa. Sisemi nitakuwa mbunge, tulieni.

Kitu kigumu cha kuandikia hapa hata si stima kupotea. Ni chinsoni. Kama wewe si Mkisii, chinsoni ni ile heshima na haya kati ya mzazi na mtoto. Kuna maneno mama yangu hawezi kuyasikia kutoka kwa mdomo wangu, na mimi siwezi kuyasikia kutoka kwa wake. Mapenzi ndiyo ya kwanza kwa hiyo orodha. Nikiandika nikiwa jikoni na mama aingie, nazima simu kama mwizi. Mama anajua naandika "hadithi". Pesa ya hizo hadithi imenunua unga na chumvi ya ng'ombe, na bado hakuna siku ameuliza ni hadithi za nini.

Lakini chinsoni hiyo hiyo imeacha mlango mmoja wazi. Nyanya na mjukuu wanaruhusiwa mzaha. Magokoro huniita bwana yake mbele ya watu, na yeye ndiye mhariri wangu. Namsomea jioni tukitoa maganda ya maharagwe. Sura ya nne nilikuwa nimeandika kijana anamshika msichana mkono kwa laini ya kupima majani chai. Magokoro akacheka mpaka akakohoa. "Mbele ya watu wote hao? Huyo msichana angekimbia, na majani angeyaacha hapo." Nikamuuliza, sasa kijana afanye nini? Akaniambia enzi zao kijana alikuja kukusaidia kubeba mzigo, na kabla mfike mahali boma la baba yako linaonekana, anautua na kurudi. Hasemi kitu. Kesho yake unajikuta unapita njia ile ile, saa ile ile.

Nikafuta ule mkono. Kijana sasa anasogeza tu kikapu cha msichana mbele kila laini ikisonga, bila kumwangalia. Hiyo sura ndiyo imeniletea wasomaji wengi kuliko zote, na hakuna hata busu ndani yake. Ndiyo maana nasema riwaya nyingi za Nairobi zinachosha. Wawili wanakutana hotelini Westlands, ukurasa wa tatu wameshaambiana kila kitu. Sasa mimi msomaji nibaki nikingoja nini? Hapa hakuna kinachosemwa moja kwa moja, kwa hivyo kila kitu kidogo kina uzito: nani alimwazima nani jembe, nani alirudisha sufuria ikiwa na kitu ndani.

Kuna ubaya wake pia, na huo nimeuleta mwenyewe. Mwaka jana niliandika mke aliyerudi kwao, wazee wakakaa siku mbili wakibishana juu ya ng'ombe za mahari. Nilibadilisha jina, nikabadilisha kijiji. Shangazi yangu mmoja akasomewa na binti yake, akajijua kwa ile sweta ya kijani. Hakuniongelesha karibu miezi miwili, na alikuwa na haki. Mjini unaweza kuandika jirani yako na asijue milele. Hapa tunachota maji mto mmoja. Niliitoa ile sura, nikawarudishia waliolipa, nikaenda kwake na sukari kilo mbili. Sukari aliichukua. Chai hakunipa.

Kwa hivyo sasa niko na sheria: kisa cha mtu aliye hai, namuuliza kwanza. Kuna hadithi tatu tamu sana nimenyimwa, na zinaniuma.

Riwaya ya sasa iko sura ya kumi na moja. Juzi Magokoro akaniita kando, akaniambia ametumwa. Nani amekutuma? Akaangalia upande wa jikoni, ambapo mama alikuwa anasonga ugali akijifanya hasikii. "Kuna mtu anauliza," Magokoro akasema, "kama yule kijana wa kikapu atapata ng'ombe za kupeleka, ama utamwacha tu hivyo."

Nikamwambia bado sijaamua. Mwiko ukasimama kidogo kwa sufuria, halafu ukaendelea.