Dirisha lina cheti cha kuvuka mpaka, seremala hana

Kwa Kinyarwanda dirisha ni "idirishya", msumari ni "umusumari" na anayejenga nyumba ni "umufundi". Maneno haya yalipanda kutoka pwani pamoja na wafanyabiashara na mafundi waliozungumza Kiswahili, ambao vizazi vyao wapo Biryogo na Nyamirambo hadi leo, karibu na msikiti wa Al-Fatah uliojengwa mwaka 1913. Hapakuwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo. Hapakuwa na sekretarieti Arusha, bunge la kanda wala itifaki ya Soko la Pamoja. Fundi alifika na mfuko wake wa vifaa, akaonyesha kazi yake, akapewa kazi nyingine.

Leo tuna hayo yote, na Rwanda imo ndani ya Jumuiya tangu Julai 2007. Lakini ujuzi wa seremala bado unaishia kwenye mpaka wa nchi yake. Nimekuwa nikiandika habari za mtangamano kwa miaka kadhaa, na kila mara mjadala ni ule ule: malori, forodha, mizani ya barabarani, maziwa na mahindi. Safari hii naomba tuzungumzie fremu ya dirisha la mbao, ile ya nakshi inayotengenezwa kwa mkono. Ni kitu kidogo, lakini kinaonyesha wazi kuliko takwimu nyingi ni wapi tumeufungua mpaka na ni wapi tumeuacha umefungwa.

Twende kwanza Gisozi, wilaya ya Gasabo. Hapo ndipo lilipo soko kubwa la maseremala wa Kigali. Walipokuwa bado katikati ya mji, mahali pao paliitwa Gakinjiro, jina linalotokana na neno la kuchinja. Walipohamishiwa Gisozi jina likageuzwa kuwa Agakiriro, kutoka neno la kupata utajiri. Serikali ilijenga vituo vya namna hiyo katika wilaya mbalimbali, na nia ilikuwa njema: kumtoa fundi barabarani, kumweka ndani ya ushirika, na mteja ajue atampata wapi. Gisozi imeungua moto mara kadhaa tangu hapo, na kila mara mafundi wameanza upya. Anayedai kwamba watu hawa hawana moyo wa kazi hajawahi kufika pale siku iliyofuata moto.

Pita kwenye karakana hizo utaona vitanda, makabati, milango na meza kwa wingi. Fremu za madirisha zipo, lakini fremu ya nakshi iliyochongwa kwa mkono ni adimu, na huwa inasubiri mteja maalumu: mwenye hoteli, mtu aliyerudi kutoka nje, au msanifu majengo mwenye ukaidi wake. Nyumba mpya nyingi mjini zinawekwa alumini. Ukimwuliza mwenye nyumba sababu, jibu lake ni moja: dirisha la mbao linajipinda. Mvua ikinyesha halifunguki, jua likiwaka linaacha mwanya.

Mwenye nyumba huyo ana haki, ila lawama anaipeleka pasipostahili. Mbao iliyotoka kukatwa imejaa maji. Inapokauka husinyaa, na husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Fremu inajengwa kwa miimo miwili iliyosimama na vipande viwili vilivyolala, na kila kona huungwa kwa kuchonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine, viingiane vikabane. Fundi mzuri hupima mara mbili, huchonga tundu kwa patasi hadi ulimi uingie kwa kugongwa kidogo tu, kisha hupigilia kijiti cha mbao ngumu kupita kwenye kiungo. Kazi ya namna hiyo hudumu miaka mingi. Lakini ikiwa mbao ilikuwa mbichi, ulimi utasinyaa ndani ya tundu lake, kona italegea, na ile nakshi iliyomchukua siku kadhaa kuichonga itapasuka katikati ya ua.

Kanuni ya zamani ya maseremala ni kwamba ubao wenye unene wa inchi moja, ukiachwa ukauke wenyewe kivulini kwenye upepo, unahitaji kama mwaka mzima. Ni seremala gani wa Gisozi anaweza kununua mbao leo na kuiweka mwaka mmoja huku kodi ya karakana ikidaiwa kila mwezi? Ndiyo maana mbao inanunuliwa Jumatatu na dirisha linakabidhiwa Ijumaa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikifika, dirisha linaanza kumdhalilisha aliyelitengeneza. Kinachokosekana hapo ni tanuri la kukaushia mbao, ambalo hufanya kwa wiki chache kazi ya mwaka. Uwezo wa mikono upo.

Mbao zenyewe zinatoka wapi? Misitu mingi ya Rwanda ni mikaratusi iliyopandwa, ambayo inafaa kwa nguzo na kuni kuliko fremu ya nakshi. Mbao za kuchonga, kama libuyu na mvule, mafundi wa kanda hii wamezoea kuzitazamia Kongo. Mninga unapatikana Tanzania. Na ustadi wa hali ya juu wa nakshi uko pwani, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, miji iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 na 2000. Huko bado kuna karakana ambamo kijana hujifunza mnyororo, waridi na yungiyungi kwa kukaa miezi mingi kando ya fundi mkuu. Ramani hii ndiyo mtangamano wenyewe: mbao ziko upande mmoja, ujuzi upande wa pili, na mji unaojengwa kwa kasi uko Kigali, katikati ya nchi zote.

Sasa tuangalie sheria zetu zinasemaje. Kwa bidhaa, zimejitahidi. Mfanyabiashara mdogo mwenye shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ya bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, bila kupitia wakala. Pale Rusumo, tangu mwaka 2016, maofisa wa Rwanda na Tanzania wanafanya kazi katika kituo kimoja. Julai 2022 Jumuiya ilianza kutumia kiwango cha juu cha ushuru wa forodha cha asilimia 35 dhidi ya bidhaa kadhaa kutoka nje ya kanda, na samani, zinazotoka katika karakana hizi hizi, zimo. Kwa maneno mengine, tumeshakubaliana kwamba kazi ya mbao ya Afrika Mashariki inastahili kulindwa.

Na kwa watu je? Msomi amefunguliwa njia. Makubaliano ya kwanza ya kutambuana taaluma ndani ya Jumuiya yalikuwa ya wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Mwaka 2017 wakuu wa nchi waliitangaza kanda kuwa eneo moja la elimu ya juu. Ni hatua nzuri na nazipongeza. Lakini angalia matokeo yake kwenye eneo la ujenzi: msanifu kutoka Nairobi anaweza kutambuliwa Kigali kwa cheti chake, akachora dirisha la nakshi la kupendeza. Fundi kutoka Lamu anayejua kulitengeneza hana karatasi ambayo mhandisi wa mradi Kigali analazimika kuiheshimu.

Si kwamba karatasi hazipo. Kenya ina majaribio ya ufundi ya NITA, yenye madaraja kuanzia la tatu hadi la kwanza. Uganda imekuwa na kijitabu kinachoitwa Worker's PAS, kinachoandikwa ujuzi na uzoefu wa mwenye nacho. Tanzania, kupitia VETA, ina utaratibu wa kumpima na kumtambua fundi aliyejifunzia kazini bila kupita darasani. Rwanda nayo ina bodi yake ya elimu ya ufundi, RTB. Kila nchi inajua kumpima seremala. Kilichobaki ni kuziwezesha nchi hizo kuaminiana kwamba kipimo cha mwenzake ni kipimo.

Watetezi wa hali ilivyo watasema fundi hajazuiwa. Tangu mwaka 2014 raia wa Rwanda, Kenya na Uganda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, na Rwanda na Kenya ziliondoa ada za vibali vya kazi kwa raia wa Jumuiya. Ni kweli. Mwili wake unavuka. Ila akishavuka anaanza upya kama mwanagenzi. Kwenye zabuni, mkandarasi huulizwa vyeti vya watu wake. Fundi asiye na cheti kinachosomeka hapa huandikwa kibarua na hulipwa kama kibarua, hata kama ndiye anayewafundisha wengine wote pale kazini. Hali ni hiyo hiyo kwa kijana wa Gisozi akienda Kampala au Mwanza. Mkandarasi naye, asiyetaka kubahatisha, huchagua fremu ya alumini ambayo viwango vyake vimeandikwa kwenye karatasi. Hivyo ndivyo ufundi unavyokufa, zabuni baada ya zabuni, bila mtu yeyote kuupiga marufuku.

Kuna hoja mbili za kupinga ninayoyasema, na zote zina uzito. Ya kwanza ni ajira: tukiwafungulia mafundi wa pwani, vijana wa Kigali watakula nini? Jibu langu ni kwamba fremu za nakshi kwa sasa hazimlishi kijana yeyote wa Kigali, kwa sababu hazitengenezwi kwa wingi. Fundi mmoja wa Zanzibar akikaa Gisozi mwaka mmoja na wanagenzi kumi, ameongeza kazi ambayo haikuwepo. Wala hatutaki Kigali igeuke nakala ya Mji Mkongwe. Tuna imigongo, sanaa ya Gisaka yenye mistari na pembe zake za kipekee, ambayo kwa asili hufinyangwa kwa samadi ya ng'ombe juu ya ubao na kupakwa rangi. Patasi ya pwani na michoro ya imigongo vikikutana kwenye mwimo wa dirisha, tutapata kitu ambacho hakipatikani Lamu wala Dubai.

Hoja ya pili ni misitu, na hii siipuuzi hata kidogo. Kenya ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya serikali Februari 2018, na uamuzi wa kuulegeza mwaka 2023 ulizua ubishi mkubwa. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, ina misitu ambayo dunia nzima inaitazama, na biashara ya mbao katika eneo lenye vita inaweza kulisha wenye bunduki. Lakini anayemaliza misitu si fundi wa fremu. Dirisha moja linatumia mbao kidogo na hutakiwa kudumu kizazi kizima. Hasara kubwa ni mbao nzuri inayotengenezewa dirisha ikiwa mbichi, likatupwa baada ya miaka mitano. Anayetaka kulinda mvule aanze kwa kuhakikisha kila ubao unaoingia Kigali una karatasi halali za asili yake na umekaushwa kabla ya kuguswa na randa.

Nini kifanyike? Kwanza, Baraza la Mawaziri la Jumuiya lichague ufundi mmoja wa mkono na kuufanyia makubaliano ya kutambuana, kama lilivyofanya kwa wahasibu na wahandisi. Useremala unafaa kuanza nao, maana kazi yake inapimika kwa macho na kwa rula. Mtihani wake usiwe wa kujaza fomu kwa Kiingereza. Mtahiniwa apewe mbao kavu, mchoro na siku kadhaa, atengeneze fremu ya dirisha mbele ya watahini wawili, mmoja wa nchi yake na mmoja wa nchi jirani. Kona zikiwa mraba na ulimi ukibana, apewe cheti kinachosomeka Mombasa, Bujumbura na Kigali. Maswali aulizwe kwa Kiswahili, lugha ambayo Rwanda iliifanya rasmi mwaka 2017, na ambayo imekuwa lugha ya karakana kwa miaka mingi zaidi ya hapo.

Pili, kila Agakiriro lipate tanuri la kukaushia mbao linalomilikiwa na vyama vya ushirika, pamoja na kifaa cha kupimia unyevu, ili mteja aonyeshwe kipimo kabla ya kulipa. Fedha za kauli mbiu ya "Made in Rwanda" hazitapata matumizi bora kuliko hayo.

Tatu, serikali ziwe mteja wa kwanza. Shule, ofisi ya sekta au makumbusho yanayojengwa kwa fedha za umma yawekwe angalau madirisha machache ya mbao yaliyotengenezwa na mafundi waliotahiniwa, na sharti hilo liandikwe kwenye zabuni lenyewe. Fundi atakayeona kazi ya miaka mitano mbele yake atamfundisha mwanawe. Asiyeiona atamnunulia mashine ya kukatia alumini, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Mambo haya yanahitaji uamuzi wa mawaziri waliokwisha kuketi pamoja mara nyingi kujadili ushuru wa kabati. Kikao kijacho wamjadili na aliyelitengeneza.