Nani Kasema Kuzidisha ni Ushamba?

Wenzangu washika kalamu, hebu tuulizane. Nicolas Cage akikodoa macho na kupiga mayowe ndani ya Face/Off (1997), tunasema jamaa kiboko. Katika Vampire's Kiss alitafuna mende aliye hai, tukaambiwa hiyo ni sanaa. Lakini Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, akibinua midomo na kubwata, eti "huyu mzee anazidisha." Ushamba ni wa nani hapo?

Mimi nimeishia kidato cha nne, naandika riwaya kwenye madaftari hapa Bariadi. Kila anayeisoma ananiambia: punguza, wahusika wako wanapiga kelele mno. Nipunguze nini? Huku Usukumani, Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma, ushindi ni wa anayevuta watu wengi, hata kwa kucheza na nyoka. Anayejitikisa kwa adabu anabaki na wapiga ngoma wake tu!

Cage mwenyewe amesema alichota kwenye sinema za kimya za Ujerumani na maigizo ya Kabuki ya Japani. Hakuona haya. Sisi tunaona haya kuchota nyumbani.

Ila kuzidisha si kuropoka. Leaving Las Vegas ilimpa Oscar mwaka 1996 kwa sababu chini ya vituko vya yule mlevi palikuwa na maumivu ya kweli. Hayo ndiyo ya kuiga.

Majuto alifariki tarehe 8 Agosti 2018. Tusimzike mara ya pili kwa kalamu zetu za uoga. Andikeni kwa sauti!