Brazil: Wanaofuata asili ya korosho wajiandae mapema

Mkorosho, uti wa mgongo wa uchumi wa Mtwara, asili yake ni Brazil. Wareno ndio walioufikisha pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Kwa hiyo mtafiti wa Naliendele au mfanyabiashara anayetaka kuuona mmea huo kwao hana budi kufika kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, hususan jimbo la Ceará, ambalo makao yake makuu ni Fortaleza.

Hata hivyo, safari hiyo inaweza kukwamishwa na mambo madogo. Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji viza. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka. Tangu mwaka 2016 cheti chake hudumu maisha yote. Asiye nacho atapata tabu wakati wa kurejea, kwani Tanzania hukidai kwa watokao nchi zenye ugonjwa huo, Brazil ikiwamo.

Lugha ni Kireno, ambacho ni lugha rasmi pia ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji.

Jambo zito zaidi ni mzigo wa kurudi nao. Mbegu au kikonyo kilichofichwa begini, bila kibali wala ukaguzi wa karantini, chaweza kuingiza ugonjwa mgeni. Wakulima wa Kusini, ambao tayari wanatumia salfa kupambana na ubwiri unga, ndio watakaolipa gharama ya uzembe huo.