Lahaja Haikupotoka Kutoka Lugha Sanifu

Imani iliyozoeleka, hata miongoni mwa wasomi, ni kwamba lugha sanifu ndiyo asili na lahaja ni upotoshaji wake, na kwamba mtu wa pembezoni huharibu neno ambalo mkazi wa mji mkuu hulitamka kama walivyoliacha wahenga. Imani hiyo haina mashiko, na viulizi vya lugha za Kijerumaniki, yaani jamii yenye Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia, vinaiumbua vibaya.

Katika lugha mama ya jamii hiyo, viulizi vilianza kwa h na w zilizoambatana, nazo zilitokana na kw ya kale zaidi. Ndiyo maana Kilatini kina quod pale ambapo Kiingereza cha Kale kiliandika hwæt, yaani “nini”. London ya leo imekwisha kuidondosha h hiyo na kubaki na w tupu, ilhali Waskoti na Waayalandi wengi wangali wanaitamka. Ikiwa kigezo ni ukale, basi anayestahili kusahihishwa ni mtangazaji wa London.

Watetezi wa lahaja nao wasishangilie mapema, kwa kuwa pembezoni si makumbusho. Huko Aberdeen, kaskazini mashariki mwa Uskoti, hw iligeuka f, hata watu wakawa wanajuliana hali kwa kusema “Fit like?”, huku “nani” ikiwa fa na “wapi” far. Huo si uzembe: hw hupitisha pumzi kwa mkwaruzo kwenye midomo iliyokaribiana, na mdomo wa chini ukiyagusa tu meno ya juu, f imepatikana. Nchini Iceland mambo yamegeuka kabisa, kwani walio wengi, wa Reykjavík wakiwamo, huandika hv na kutamka kv, na matamshi ya zamani yamesalia kwa wachache wa kusini mashariki. Hakuna anayediriki kusema kwamba mji mkuu umeharibu lugha.

Norwei ndiyo inayoizika imani ile ya kwamba lahaja ni upotoshaji. Kwa “nini”, Oslo huandika hva bila kuitamka h, Bergen husema ka, sehemu nyingi za magharibi kva, na mashariki wapo wanaotosheka na irabu moja, å. Kati ya maumbo hayo, kva ndiyo iliyoingia katika Nynorsk, lugha ya maandishi ambayo Ivar Aasen aliijenga kutokana na lahaja za vijijini katika karne ya 19, na ambayo Bunge liliipa hadhi rasmi mwaka 1885. Yaani lahaja ndizo zilizozaa usanifu, jambo ambalo wenye imani ile hulipita kimyakimya.