Kijana, Kompyuta na Subira ya Nyumbani

 

Hivi karibuni, baada ya Swala ya Ijumaa, alitujia kijana aliyepata kusoma katika madrasa yetu. Mama yake aliuza cherehani ili amnunulie kompyuta mpakato iliyokwishatumika, kwa matumaini kuwa mwanawe atajifunza kuandika programu za kompyuta na kupata ajira. Ulikuwa mwezi wa nne, na kila alipokaa mkekani kula aliulizwa kama kazi imepatikana. Sasa imepatikana, katika kampuni inayochezesha kamari za mpira kwa njia ya simu. Alitaka kujua kama inafaa kuipokea.

Jawabu lake si refu, nasi tutalitoa. Lakini kadiri tulivyozungumza naye ndivyo tulivyobaini kuwa swali lile halikuanzia kwenye kampuni ya kamari. Lilianzia pale mkekani.

Wazazi wengi wamesikia kuwa fani hii haidai shahada wala mtaji mkubwa. Kwa kiasi fulani ni kweli. Python, lugha ya programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, hupatikana bure. Chuo Kikuu cha Harvard nacho kimeliweka mtandaoni somo lake la utangulizi, CS50, na yeyote anaweza kulisoma bila ya ada. Kinachogharimu ni umeme, bando na muda, na katika hivyo vitatu muda ndio unaosahauliwa na wanaotoa fedha.

Kuandika programu ni ufundi. Kompyuta haina uwezo wa kukisia tulichokusudia. Hufuata maagizo kama yalivyoandikwa, na alama moja ikikosekana kazi nzima yaweza kusimama. Aliyepitia chuoni anaifahamu hali hii. Hakuna kati yetu aliyehifadhi Juzuu Amma kwa kumsikiliza mwenzake akisoma. Tulisoma, tukakosea, mwalimu akaturudisha mwanzo wa sura. Anayetazama mafunzo ya video miezi sita bila ya kuandika programu yake mwenyewe ni msikilizaji tu. Na anayebadili lugha kila mwezi kwa kuwa amesikia nyingine ndiyo yenye mishahara, huyo hubaki kwenye alifu ya kila lugha.

Tulimuuliza kijana ameandika nini kwa mkono wake. Hakuwa na la kutuonyesha isipokuwa mazoezi ya somoni. Basi tukampa mas'ala ya mirathi. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mke ana thumni, mama ana sudusi, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Mali ikifanywa mafungu 72, mke atapata 9, mama 12, mtoto wa kiume 34 na wa kike 17. Hesabu hiyo moja aliiandika jioni ile ile. Tukamwambia, waondoe watoto. Hapo fungu la mke linakuwa robo, na programu ni lazima ifundishwe kuuliza kwanza nani yupo na nani hayupo kabla ya kugawa chochote. Akarudi baada ya wiki, amefaulu.

Kisha tukamwekea mume, mama na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili, mama ana sudusi. Programu yake ikagawa mafungu 8 katika mali yenye mafungu 6! Wanazuoni wa mirathi wanalijua jambo hili tangu zama za masahaba na huliita aul: mali hugawiwa kwa 8 badala ya 6, ili kila mmoja apunguziwe kwa kadiri ya fungu lake. Kijana alikaa na kosa lile siku tatu, na kwa maoni yetu siku tatu hizo zilimfaa kuliko miezi mitatu ya video. Al-Khwarizmi wa Baghdad, mwanazuoni wa karne ya 9 ambaye neno algoriti limetokana na jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa ajili ya wasia na mirathi. Tunapenda sana kumtaja mimbarini. Tungependa zaidi kuona vijana wakikaa na hesabu kama alivyokaa yeye.

Abu Daud amepokea habari ya Answari aliyekuja kuomba. Mtume (S.A.W.) akaviuza vitu viwili vya nyumbani kwake kwa dirhamu mbili, moja ikanunua chakula cha familia, nyingine ikanunua shoka, naye akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu. Kisha akamwambia akakate kuni, asimwone kwa siku 15. Wataalamu wa Hadithi wameizungumzia isnadi yake, lakini wahubiri hawaachi kuitaja, na kila mara husimama kwenye shoka. Sisi tunawaomba wazazi wasimame pia kwenye zile siku 15 na kwenye ile dirhamu ya chakula. Mama yule alitoa shoka. Muda hakuutoa. Kwa ufundi huu mwaka mmoja si mwingi, na ndani yake kijana anaweza kufanya kibarua kingine cha halali mchana na kusoma usiku.

Wala tusifichane kuwa mlango umekuwa mwembamba. Tangu ChatGPT itolewe mwezi Novemba 2022, zana za akili mnemba zinaandika kwa dakika chache programu nyepesi ambazo zamani alipewa mwanagenzi ajifunzie. Anayejua kuziomba jibu lakini hawezi kuliona kosa lililomo hana cha kumuuzia mwajiri.

Haraka hii huzaa udanganyifu pia. Kijana alikiri kuwa rafiki yake alimshauri achukue kazi za wengine zilizo wazi mtandaoni, abadilishe jina, azipeleke kwa waajiri kama zake. Imamu Muslim amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu, akamkemea muuzaji kwa kuificha chini sehemu iliyolowa. Kutumia kazi ya mwenzio kwa idhini yake na kumtaja si kosa. Fani yote imejengwa hivyo. Wataalamu wenyewe hutumia Git, programu iliyoanzishwa mwaka 2005, ambayo huhifadhi kumbukumbu ya nani aliandika mstari upi na lini. Sisi tuliolelewa kwenye isnadi tulifurahi kulisikia hilo.

Ama swali lenyewe. Kamari imeharamishwa kwa aya ya wazi, Suratul-Maida aya ya 90, na aya ya 2 ya sura hiyo inakataza kusaidiana katika dhambi. Katika pombe Mtume (S.A.W.) aliwalaani watu kumi, mbebaji akiwamo. Anayeandika programu ya kupokea dau yuko karibu zaidi na kamari kuliko mbebaji alivyo karibu na kikombe cha mlevi. Tulimwambia asiipokee. Wallahu a'lam.

Lakini sheikh anayesema haramu kisha akavaa viatu akaenda zake ameiacha nusu ya kazi. Tulikwenda naye kwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, anayeswali safu ya mbele na ambaye madeni yake yote yamo katika madaftari mawili yaliyochanika. Alipenda apate programu ya kuyahifadhi, ila alitaka afanyiwe bure, kwa ajili ya Allah. Tukamuuliza kama saruji naye huitoa hivyo. Akacheka, akataja bei. Tuliandika mapatano, kama Suratul-Baqara aya ya 282 inavyotuelekeza katika madeni, mashahidi wawili, muda miezi miwili, sehemu ya ujira mbele.

Mama ameahidi kutouliza habari za ajira hadi miezi hiyo ipite. Kaka mkubwa hakuahidi.