Masharti ya Bima Yasomwe Kabla ya Saini

Ni nadra siku hizi kuuona mkataba wa ujenzi, wa usafirishaji au wa uwekaji wa mali ghalani usio na kifungu cha bima. Hilo ni jambo jema. Lakini kuwepo kwa kifungu ni jambo moja, na kuwepo kwa kinga ni jambo jingine. Kifungu kilichonakiliwa kutoka mkataba wa jana na kutiwa katika mkataba wa leo, bila ya mtu kujiuliza kazi ya leo ina hatari gani, hakimlindi yeyote. Tunaona wakati umewadia kwa idara za Serikali, mashirika ya umma na wafanyabiashara wetu kuyapitia upya masharti hayo, moja baada ya jingine.

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa maana ya hasara. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit karibu na Chumbe. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al Ajaib iliporomoka wakati kazi za ukarabati zikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Bima hairejeshi roho ya mtu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba msiba ukishatokea, mzigo wa mali hauwaangukii wajane, mayatima na hazina ya umma peke yao.

Tuanze na bahari, maana ndiyo njia yetu kuu. Mwenye mali anayepeleka mchele au saruji Pemba mara nyingi huridhika akiambiwa kwamba chombo kimekatiwa bima. Bima ya chombo si bima ya shehena. Chombo kikizama, mwenye chombo hulipwa thamani ya chombo chake, na mwenye mchele akabaki na risiti mkononi. Mkataba wa uchukuzi hauna budi kueleza kwa maneno ya wazi nani anabeba hatari ya mzigo, tangu wapi na mpaka wapi: ghalani, bandarini, melini, au mpaka mlangoni kwa mpokeaji.

La pili ni thamani. Wapo wanaokata bima ya kiasi kidogo ili walipe ada ndogo, wakidhani kwamba nusu ya kinga ni bora kuliko kukosa kabisa. Na tutazame hesabu yenyewe. Ghala lenye mali ya shilingi milioni 100 limekatiwa bima ya milioni 40. Moto unateketeza mali ya milioni 50. Mwenye ghala anatarajia milioni 40, lakini hati nyingi za bima ya mali hulipa kwa uwiano wa thamani iliyoandikwa na thamani ya kweli, na kwa hivyo atapata milioni 20 tu. Thamani iliyoandikwa miaka mitano iliyopita, wakati bei zilikuwa nyingine, humletea mtu hasara hiyo hiyo hata kama hakuwa na nia ya kubana ada.

La tatu ni kazi za ujenzi. Ofisa anayepokea cheti cha bima kutoka kwa mkandarasi na kukitia jaladani hajamaliza kazi yake. Je, idara yenye jengo imetajwa katika hati, au ametajwa mkandarasi peke yake? Je, muda wa bima unafika mwisho wa kipindi cha matazamio, au unakoma siku rangi inapokauka? Je, mafundi na wapita njia wamo? Hasara ya kiasi gani itabaki juu ya mwenye bima mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa? Na ada, je, imelipwa? Ada isipolipwa, cheti hicho huenda kikawa karatasi tupu. Mali bila daftari huisha bila habari, na bima isiyosomwa ni daftari lililofungwa.

Lakini tusiseme kwamba dawa ni kuzidisha masharti. Upo upande wa pili, nao unawagusa wananchi wetu wanyonge. Fundi anayeomba kazi ya kupaka rangi madarasa mawili ya skuli akitakiwa kinga ya kiasi kile kile anachotakiwa mjenzi wa gati, moja kati ya mambo matatu litatokea. Ama ataacha kuomba kazi, ama ataiongeza ada hiyo katika bei yake na Serikali ndiyo itakayoilipa, ama atakata bima ya mwezi mmoja ili apate cheti tu, kisha aiache ife. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotusaidia. Sharti na lilingane na hatari: kazi ndogo sharti dogo, kazi kubwa sharti kubwa.

Wapo pia ndugu zetu ambao dini yao huwafanya waione bima ya kawaida kwa mashaka. Kwa kuwa bima ya takafuli inaruhusiwa nchini, mikataba isiwafungie mlango kwa sababu ya neno lililoandikwa zamani.

Nyenzo zipo. Shirika la Bima la Zanzibar lipo tangu mwaka 1969, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka mamlaka ya kuwasimamia wanaofanya biashara hiyo. Mwezi Oktoba 2024 Serikali ilianza kumtaka mgeni kutoka nje ya nchi awe na bima ya safari anapoingia Zanzibar. Haitakuwa sawa tumchunguze mgeni bandarini, na sisi wenyewe tusiichunguze mikataba tunayoitia saini kwa fedha za umma.

Tunawaomba wakuu wanaohusika watoe mwongozo mfupi, kwa Kiswahili, unaopanga masharti kwa ukubwa na aina ya kazi. Kila idara imteue ofisa mmoja wa kusoma hati nzima ya bima, si cheti peke yake, na kuthibitisha kwa kampuni iliyoitoa kwamba ni hai. Tarehe ya kwisha kwa kila bima iandikwe kitabuni, na bima ihuishwe kabla ya tarehe hiyo.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumzuii nahodha kukagua kamba za nanga yake kabla ya kung'oa. Wenye kutia saini kwa niaba ya wananchi nao wazikague zao.